Unene wa Penseli

Nani humpa mlinzi haki ya kulinda? Nimeliuliza swali hili kwa lugha tatu, na katika kila lugha limenirudia likiwa na uso mwingine. Katika lugha ya Baraza lilirudi likiwa limevaa tai. Katika lugha ya wenye bunduki lilirudi likicheka. Katika lugha ya mama yangu halikurudi kabisa. Lilikaa huko lilikokwenda, kama mtu aliyekaribishwa chakula, nami tangu hapo nalisubiri mlangoni.

Jina langu ni Bisimwa. Nalitaja mapema kwa sababu ipo miaka ambayo sikulitumia. Nilikuwa mkalimani katika kambi ya walinda amani, kwenye bonde ambalo majeshi mawili yalilidai na hakuna hata moja lililolitunza. Mkalimani hasemi, "Meja anasema ana huzuni." Mkalimani husema, "Nina huzuni." Ndiyo kanuni ya kazi. Asubuhi nilikuwa meja nikisema, "Nimesikitishwa na tukio hili." Adhuhuri nilikuwa mjane nikisema, "Mume wangu walimkuta shambani." Jioni nilikuwa kamanda wa waasi nikisema, "Mimi sijaua mtu." Nilisema "mimi" mara mia kwa siku, na katika hizo mia haikuwemo hata moja iliyokuwa yangu. Nikirudi chumbani kwangu nilikaa kitandani nikalijaribu neno hilo polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kilichokwisha kuvaliwa na wengi, nikaona halinikai.

Bonde lenyewe sitalitaja jina. Lilikuwa na majina mawili, na kulitaja kwa jina moja kulikuwa kosa kwa wenye jina la pili. Upande wa mashariki kulikuwa na Jeshi la Mlimani, upande wa magharibi Jeshi la Msituni. Siku moja, katika mji ulio mbali sana, wajumbe wa Baraza walitandaza ramani mezani, na mmoja wao akachora mstari wa kutenganisha majeshi hayo. Nadhani alikuwa mtu mwema. Nadhani mkono wake haukutetemeka. Lakini penseli yake ilikuwa butu, na ramani ilikuwa ndogo, na walipokuja wapimaji kuuhamishia mstari ule ardhini waligundua kwamba unene wa penseli ulikuwa mita mia nne. Ndani ya mita hizo mia nne kulikuwa na nyumba, kisima kilichoharibika, migomba, kanisa, msikiti, na watu wapatao mia nne na hamsini. Majeshi yote mawili yakakubaliana jambo moja tu: kwamba watu wale si wa upande wowote, na kwamba atakayetoka mstarini kuingia upande wa pili atahesabiwa jasusi wa upande aliouacha. Mtaa ule ukaanza kuitwa Penseli. Wanawake waliovuka miaka hamsini tu ndio walioruhusiwa kutoka, mara moja kwa siku, kuteka maji kwenye bomba la kambi yetu.

Mke wangu alikuwa ndani ya Penseli.

Nabintu alikuwa amekwenda kumwuguza mama yake, aliyepooza upande mmoja. Aliondoka asubuhi na mapema akaniambia, "Usinisubiri chakula cha mchana, lakini cha usiku nisubiri." Mchana ule ndio wapimaji walipopigilia vigingi vyao. Hiyo ilikuwa miaka mitatu nyuma, au siku tatu. Nasema hivi bila mzaha, kwa sababu katika bonde lile muda haukutembea, uliyumba. Saa ya ukutani kambini ilifuata saa za mji wa Baraza, zilizokuwa nyuma yetu kwa saa saba. Ukipita lango kuingia, adhuhuri iligeuka alfajiri. Mtu aliyepigwa risasi nje saa kumi na mbili asubuhi aliandikwa ndani kuwa amepigwa jana yake, na yapo majina niliyoyaona katika taarifa zetu ya watu waliokuwa bado wanakunywa uji wakati taarifa inaonyesha kwamba wamekwisha kufa. Nilifikiri mara nyingi: kama ningeweza kukaa ndani ya saa zile saba, katika hayo mapengo ya dunia, labda asubuhi ile ya Nabintu ilikuwa bado haijaisha mahali fulani, na bado ningeweza kumshika mkono nimwambie, mama asubiri hadi kesho.

Kutoka kwenye mnara wa ulinzi, kwa darubini, niliona paa la nyumba ya mama mkwe. Bati moja lilikuwa jipya na mengine yalikuwa na kutu. Sikumwona Nabintu mwenyewe hata siku moja, maana mlango ulitazama upande wa pili. Niliona moshi wa jiko lake. Nimewahi kusikia watu wakisema moshi hauna sura. Hawajapenda. Niliujua moshi wake kati ya moshi wa nyumba themanini. Ulianza mwembamba, ukakata tamaa kidogo, kisha ukanyooka, kwa sababu Nabintu hakuwahi kujifunza kuwasha kuni mbichi na hakuwahi kukubali kufundishwa.

Habari zake nilizipata kwa Mama Mapendo. Huyu alikuwa mkunga, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mtu wa mizigo, ambaye watu wa Penseli walimsikiliza kuliko padri na shehe kwa kuwa nusu yao walipita mikononi mwake. Kila siku alikuja bombani na madumu mawili.

"Mkeo anakusalimu," alikuwa akiniambia huku maji yakijaa.

"Anasemaje?"

"Anauliza kama shati la bluu umelishona kifungo."

"Mwambie bado."

"Alijua utasema bado. Anasema basi endelea kutembea hivyo, watu wajue mke wako hayupo."

Nilicheka, na yeye alicheka, kisha alijitwisha dumu moja kichwani, akalishika la pili mkononi, akarudi ndani ya mstari. Nami nilibaki nikitazama matone aliyoyaacha njiani yakinywewa na vumbi, moja baada ya jingine, mpaka njia ikawa haikumbuki kwamba mtu amepita.

Mameja walibadilishwa kila miezi sita. Wa kwanza alipenda mpira, wa pili alipenda Biblia, wa tatu hakupenda kitu. Kila aliyekuja alisema, "Mimi ni mgeni, nielezeni tangu mwanzo," na sisi tulieleza tangu mwanzo, na alipofika katikati ya kuelewa aliondoka. Wa nne aliitwa Meja Tovan. Alikuwa mtu mrefu wa makamo, mwenye tabia ya kuvua kofia yake nyeupe akizungumza na mtu aliyefiwa. Huyu hakuniambia nimweleze tangu mwanzo. Aliniuliza, "Una mtu ndani?" Nikamwambia ninaye. Akatikisa kichwa, akatazama chini, hakuuliza tena. Kuanzia siku ile, kila alipopanda mnarani aliniachia darubini kabla hajaitumia yeye.

Basi ikaja wiki ya azimio.

Kambi yetu haikuwa na mizizi. Iliishi kwa azimio la Baraza, na azimio lilihuishwa kila mwaka kwa kura. Mwaka ule wajumbe walikwama kwenye kitenzi. Wengine walitaka azimio liseme walinda amani wapo "kulinda" raia. Wengine, waliokuwa wakiyauzia silaha majeshi yetu mawili, walitaka libaki kama zamani: wapo "kuangalia". Kura ya turufu ilipigwa mara mbili. Nilifuatilia mabishano yale redioni, na nilijiuliza kama watu wale, katika ukumbi wao wenye mazulia, walijua kwamba kitenzi hicho kina watu ndani yake, kwamba kina mwanamke anayepuliza kuni mbichi. Ikafika Alhamisi bila mapatano. Azimio la zamani lilikuwa likiisha Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo kofia nyeupe zingekuwa kofia tu.

Jeshi la Msituni lilitangaza kwamba azimio likiisha litausafisha mstari. Hawakusema kuua. Walisema kusafisha.

Alhamisi ile, wakati wa kuteka maji, Mama Mapendo alikuja bila madumu. Alipita bomba, akaja moja kwa moja hadi kwenye meza iliyokuwa chini ya turubai, mahali meja alipopokea wageni. Akakaa bila kukaribishwa.

"Mwulize," akaniambia, "kesho tutalindwa au hatutalindwa?"

Nikauliza. Meja Tovan akavua kofia. Nilipoona mkono wake ukienda kichwani nilijua jibu kabla hajafungua mdomo, kwa kuwa kofia ile alikuwa akiwavulia waliofiwa.

Alizungumza kwa muda mrefu. Alisema ameandika barua tatu kwa wakubwa wake. Alisema anaona aibu. Alisema hana idhini ya kuwasindikiza raia, kwamba hata leo kazi yake ni kuangalia tu na kesho haitakuwa hata hiyo, kwamba akitoa askari wake barabarani na mmoja akauawa ataulizwa aliwatoa kwa haki ipi, naye hatakuwa na la kujibu. Alisema, "Siwezi kuahidi lolote. Mwambie nasikitika." Alipomaliza macho yake yalikuwa yamelowa.

Kisha wote wawili wakanigeukia, wakasubiri.

Nimeirudia dakika ile mara nyingi hata imekuwa kama chumba ninachokaa. Ndani yake mna harufu ya turubai lililopigwa na jua. Mna nzi juu ya meza. Mna sura ya Mama Mapendo, ambayo haikuwa inaomba. Ilikuwa inauliza tu, kama mtu anayeuliza njia. Nami nasimama katikati nikiwa na ukweli kinywani, na ukweli ule ulikuwa mwepesi kuusema. Ningesema, "Siwezi kuahidi lolote, nasikitika," na ningekuwa mkalimani mwaminifu, na watu wangebaki ndani ya nyumba zao kumngoja Mungu au kumngoja mwanajeshi. Nilifungua mdomo. Nikasema:

"Kesho tokeni saa nne asubuhi, kabla muda haujaisha. Fuateni barabara ya kambi. Nitasimama barabarani."

Mama Mapendo alinitazama mimi, si meja.

"Huyo anayesema nitasimama," akauliza, "ni yeye au ni wewe?"

"Ni yeye, Mama."

"Maneno yake yalikuwa mengi. Yako ni machache."

"Mengine yalikuwa ya heshima."

Akainuka, akamnyoshea meja mkono juu ya meza. Meja, akidhani anasamehewa, aliushika kwa mikono yake miwili na kuutikisa kwa nguvu. Ahadi ile ilifungwa hivyo: upande mmoja uliahidi bila kujua, na upande wa pili ukapokea. Nani alinipa haki? Hakuna. Sikupigiwa kura. Hakuna ramani niliyoonyeshwa. Na nikisema nilifanya kwa ajili ya watu mia nne na hamsini nitakuwa nimeongeza uongo juu ya uongo, kwa maana nilipofungua mdomo niliwaza moshi wa nyumba moja.

Ijumaa, saa tatu na nusu kwa jua letu, nilimwendea Meja Tovan ofisini na kumwambia nilichofanya. Alikuwa ananyoa ndevu. Alisimama na povu shavuni, na kwa kitambo nilifikiri atanipiga.

"Nani alikupa mamlaka?" akafoka. "Umewatoa watu nyumbani kwao kwa neno ambalo sikulisema! Watapigwa risasi barabarani, na watakufa wakidhani mimi nimewaita!"

"Ndiyo, Meja."

"Mamlaka hayo uliyapata wapi?"

"Hapo hapo ulipoyapata wewe," nikasema. "Mtu mmoja aliyatamka, mwingine akaamini."

Alijifuta povu na taulo, akaenda dirishani. Barabarani, mwisho wa migomba, walikwisha kuanza kutokea. Mbele walikuwa wazee, kwa kuwa Mama Mapendo alijua wazee hutembea polepole. Magodoro yalikuwa vichwani. Mwanamume mmoja alimbeba mbuzi shingoni kama skafu. Walitembea bila kukimbia, kwa adabu, kama watu waliopewa miadi.

Meja aliitazama saa ya ukutani. Ilionyesha saa nane na nusu ya usiku. Usiku wa jana.

"Azimio linasema Ijumaa saa sita mchana," akasema polepole. "Halisemi mchana wa wapi." Akavaa kofia. "Na linasema niangalie. Halisemi niangalie nikiwa nimesimama wapi."

Akawatoa askari wake wote, arobaini na wawili, akawapanga pande mbili za barabara, hatua ishirini ishirini, migongo kwa watu na nyuso kwa msitu. Yeye akasimama mwisho kabisa, mstari unapoanzia, nami nikasimama kando yake kwa sababu bila mimi alikuwa bubu.

Watu wakapita katikati yetu. Niliangalia kila uso. Niliona nyuso ambazo nilikuwa nimewahi kuzisemea, watu ambao niliwahi kuwa wao, mjane wa shambani, fundi wa baiskeli aliyepoteza sikio, na kila aliyenipita nilihisi kana kwamba napita mwenyewe na kujiacha nyuma. Sikumwona Nabintu. Mama Mapendo alipotokea, katikati ya msururu, nilimshika mkono.

"Nabintu yuko wapi?"

"Anakuja nyuma," akasema. "Mama yake ni mzito. Anakuja nyuma." Akapita.

Saa tano na nusu Jeshi la Msituni lilitokea. Kanali wao alikuwa kijana, sare yake imepigwa pasi, na nyuma yake walikuwa watu wengi kuliko nilivyoweza kuhesabu, wamekaa chini ya miti wamepakata bunduki. Alikuja hadi hatua tano kutoka kwetu.

"Mwambie huyu mgeni wako," akaniambia, "watu hawa warudi ndani. Muda wao wa kutoka haujatolewa na mtu."

Nikafasiri. Meja akajibu, "Ninaangalia tu."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yangu ilivyokuwa imegeuka. Wakati hao wawili wanazungumza hakuna aliyepiga risasi, kwa kuwa Kanali alikuwa mtu wa heshima zake, na mtu wa heshima zake hafyatui katikati ya mazungumzo. Kila dakika ya maneno ilikuwa watu wanane, watu kumi. Basi nikayanyosha. Neno moja la meja nililifanya sentensi nne. "Ninaangalia tu" ikawa: "Kanali, nakusalimu wewe na walio nyuma yako, nawapa pole kwa jua. Nimesimama hapa kwa kazi ile ile uliyonikuta nayo, ya kuangalia, na jicho halina silaha." Kanali akajibu kwa hasira, nami nikampelekea meja hasira ile kipande kipande, nikimwomba arudie, nikijifanya sikusikia.

"Mbona yeye anasema kidogo na wewe unasema kirefu?" Kanali akauliza.

"Lugha yao hubana, Kanali. Yetu hutanua."

"Mwambie saa sita imefika."

"Kwa saa yangu," akasema meja, akinyosha mkono wake wenye saa ya Baraza, "ni saa kumi na moja alfajiri. Azimio langu lina saa saba bado."

Nilipofasiri, Kanali aliangua kicheko, kicheko cha kweli. Akatazama jua lililokuwa utosini, akatazama saa ya meja. Nadhani kwa nukta chache hata yeye alipotea, hakujua anaishi katika muda wa nani. Nyuma yetu watu waliendelea kupita.

Lakini walikuwa wamepungua. Nilitupa jicho. Watu ishirini, kisha sita, kisha mzee mmoja na fimbo yake. Kisha barabara tupu. Moshi ulikuwa bado unatoka kwenye lile paa lenye bati moja jipya, na ulikuwa umekwisha kunyooka. Mita mia nne. Mtu mwenye afya hukimbia mita mia nne kwa dakika mbili. Miguu yangu ilianza yenyewe. Nilipiga hatua moja upande wa migomba, na papo hapo Kanali akainua mkono, na chini ya miti bunduki zikainuka pamoja nao. Yule mzee mwenye fimbo alikuwa hajafika hata nusu ya barabara. Mbele yake kulikuwa na watu hamsini bado hawajaingia langoni, na mwanamke aliyejifungua wiki ile akibebwa kwenye kiti.

"Huyu anakwenda wapi?" Kanali akauliza. Akaniuliza mimi, na hapakuwa na mtu mwingine wa kufasiri.

Nikarudisha mguu.

"Haendi popote," nikasema. Nilijisemea kama ninavyowasemea wengine. "Alikuwa anatafuta kivuli. Tuendelee."

Tukaendelea. Nikanena na Kanali juu ya mpaka, juu ya mababu, juu ya neno kusafisha na maana zake zote, mpaka mzee na fimbo yake wakaingia langoni. Redio ya meja ikakoroma. Sauti kutoka mji wa mbali, ya mtu aliyeamshwa usingizini, ilimwamuru arudi kambini mara moja. Meja Tovan alinitazama. Hakusema kitu, nami sikuwa na la kufasiri. Tukarudi kinyumenyume, nyuso kwa msitu. Lango lilipofungwa nilipanda mnarani. Hakuna aliyenizuia. Nilitazama mpaka moshi mmoja ukawa mioshi mingi, na sikuweza tena kuujua wake.

Penseli iliungua siku mbili. Siku ya tatu Baraza lilikubaliana. Azimio jipya lilisema "kulinda", na wajumbe wote wakapiga makofi. Katika taarifa yao iliandikwa kwamba Baraza, kwa mamlaka yake, liliwaokoa raia mia nne na kumi na wawili. Meja Tovan aliitwa kwao kuhojiwa kwa kutoa askari bila idhini. Taarifa zote mbili zilitoka wiki moja, katika karatasi yenye nembo moja, na sikuona mtu aliyeshangaa. Tume iliyomhoji ilinihoji na mimi. Nilisema kila kitu. Mwenyekiti, mwanamke mpole mwenye miwani, alifunga kalamu yake na kuniambia kwamba maneno ya mkalimani hayana hadhi ya kisheria. Kinachohesabiwa ni maneno ya anayefasiriwa. Nikamwuliza, basi ahadi ile ilikuwa ya nani? Akafikiri kwa uaminifu. "Kwa sheria," akasema, "haikuwahi kutolewa."

Waliopotea walikuwa thelathini na wanane. Miili iliyopatikana ilikuwa ishirini na saba. Nabintu hakuwa kati yao, wala mama yake. Hawakuwa katika kambi za wakimbizi za mashariki wala za magharibi. Niliziendea zote, nikiuliza kwa sauti ambayo sasa ilikuwa yangu mwenyewe na kwa hiyo ilikuwa hafifu. Mtu aliyekufa unamzika ukarudi nyumbani. Mtu asiyejulikana alipo hukufanya nyumba wewe. Anaingia na kutoka ndani yako atakavyo, na huwezi kufunga mlango kwa kuogopa kwamba siku hiyo ndiyo atarudi.

Miezi tisa ikapita kabla sijamkuta Mama Mapendo peke yake. Alikuwa katika kambi ya mahema, kando ya mto, anafua vitambaa vya kuzalishia. Nikakaa kwenye jiwe.

"Uliniambia anakuja nyuma," nikasema.

"Nilikuambia."

"Alikuwa anakuja?"

Alikamua kitambaa, akakianika majanini, akakinyosha pembe zote nne. "Bisimwa, mwanangu, nilijua siku ile mezani kwamba neno lilikuwa lako. Mkono wa meja ulikuwa wa mtu asiyejua anaahidi nini. Nikalichukua hivyo hivyo. Nilirudi nikawaambia watu meja ameahidi. Mkeo alinisikiliza, akacheka. Akasema, mameja hawasemi nitasimama. Huyo ni mume wangu. Akasema, nendeni, ni neno zuri, linawatosha wenye miguu."

Mto ulipita.

"Mama yake hakutaka kubebwa," akaendelea. "Alisema atafia njiani, afadhali afie kwake. Mkeo hakubishana naye. Aliniambia, mwambie Bisimwa asije. Akija, nani atazungumza na wenye bunduki? Mimi niliona nikikuambia usije, utakwenda. Basi wewe ulidanganya kwa niaba ya meja, nami nikadanganya kwa niaba ya mkeo. Kama ni kosa, nihukumu."

Sikuwa na hukumu. Nilimwuliza jambo moja tu, dogo, kwa kuwa makubwa yote yalikuwa na watu wengi wa kuyauliza.

"Alipokuwa anakuambia hayo, alikuwa anafanya nini?"

Mama Mapendo aliacha kufua.

"Alikuwa anamsuka mama yake nywele," akasema. "Alikuwa amefika nusu ya kichwa."